Vyuo Vikuu na Rasilimali Huria Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo huulizwa zaidi na wakutubi, wahadhiri na wasimamizi wa TEHAMA waliokabidhiwa kazi ya kuimarisha uwepo wa chuo chao mtandaoni. Majibu yana msimamo mmoja: chuo hujulikana mtandaoni kwa kile ambacho watu wa nje wanaweza kukitumia, na mengine yote yanayofanywa kwa ajili ya jina la chuo huja baada ya hapo.

Rasilimali huria ni kitu gani, na inatofautianaje na kitu kinachopatikana bure?

Ni nyenzo ya kufundishia, ya kujifunzia au ya utafiti ambayo mwenye hakimiliki ameruhusu itumiwe na yeyote bila kuombwa ruhusa upya kila mara. Kitabu cha kiada, mihadhara iliyorekodiwa, mazoezi pamoja na majibu yake, tasnifu, seti za data, hata programu ya kompyuta iliyoandikwa na idara, vyote vinaweza kuwa rasilimali huria. Istilahi ya rasilimali huria za elimu ilikubaliwa katika mkutano wa UNESCO wa mwaka 2002, na mwezi Novemba 2019 shirika hilo lilipitisha pendekezo rasmi linalozihimiza nchi wanachama kuziendeleza.

Kupatikana bure peke yake hakutoshi. Faili linalosomeka bila malipo lakini lisilo na leseni linabaki chini ya hakimiliki kamili, na mwalimu wa chuo kingine anayelipenda hana haki ya kulitafsiri, kulifupisha au kulipakia kwenye mfumo wake wa kufundishia. David Wiley, mmoja wa waliotangulia katika harakati hizi, alizitaja ruhusa tano: kubaki na nakala, kuitumia, kuirekebisha, kuichanganya na nyingine, na kuisambaza. Tatu za mwisho ndizo zinazolipeleka jina la chuo mbali, kwa kuwa karibu kila leseni huria humlazimu anayerekebisha au kusambaza nakala amtaje mwandishi wa awali na aonyeshe ilikotoka.

Kwa nini chuo kihangaike na rasilimali huria badala ya kuboresha tovuti yake?

Kwa sababu watu wachache sana huingia mtandaoni kutafuta chuo. Wengi hutafuta jibu. Mwanafunzi aliyekwama kwenye matriki, muuguzi anayetaka kuelewa kipimo kipya, afisa wa mipango anayehitaji takwimu za mvua, kila mmoja huandika shida yake kwenye injini ya utafutaji, na chuo chenye ukurasa unaoitatua shida hiyo ndicho anachokutana nacho. Ukurasa wa mwanzo wa tovuti, wenye picha za mahafali na salamu za mkuu wa chuo, haujibu swali la mtu yeyote isipokuwa yule ambaye tayari anakifahamu chuo hicho.

Mfano unaojulikana zaidi ni mihadhara ya aljebra ya mstari ya Gilbert Strang wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani. Ilirekodiwa mwaka 1999 kwa ubao na chaki, bila madoido yoyote, ikawekwa wazi miaka michache baadaye, na bado inatazamwa na wanafunzi ambao hawatakanyaga kamwe katika chuo hicho. Kwa wengi wao MIT ni profesa yule na ubao wake. Hakuna kampeni ya matangazo inayoweza kudumu kwa muda wa namna hiyo, kwa kuwa tangazo hufa siku malipo yake yanapokwisha.

Kuna sababu ya pili, ya kiufundi zaidi. Injini za utafutaji hupima uzito wa tovuti kwa kutazama, pamoja na mambo mengine, ni tovuti gani nyingine zinazoelekeza kwake. Watu hawaweki viungo vya kwenda kwenye habari ya ziara ya mgeni rasmi. Huweka viungo vya kwenda kwenye makala, data na masomo wanayoyategemea, na viungo hivyo huinua kikoa kizima cha chuo, zikiwemo kurasa za udahili ambazo kitengo cha masoko kingependa zionekane.

Jambo hili lilianza vipi?

Katika utafiti lilianza mapema. Agosti 1991 mwanafizikia Paul Ginsparg, akiwa katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani, alianzisha mfumo wa kusambaza miswada ya makala za fizikia kabla hazijachapishwa. Mfumo huo, ambao leo unaitwa arXiv, ulihamia Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2001. Mwezi Februari 2002 Azimio la Budapest likautangaza ufikiaji huria wa makala za kitaaluma kuwa lengo la dunia nzima, na Azimio la Berlin likafuata Oktoba 2003.

Katika ufundishaji, mwaka wa kukumbukwa ni 2001. Wakati huo vyuo kadhaa vikubwa viliamini kwamba mtandao ungekuwa soko la kozi za kulipia. Chuo Kikuu cha Columbia kilianzisha kampuni iliyoitwa Fathom mwaka 2000, ikafungwa mwaka 2003. MIT, chini ya rais wake Charles Vest, ilitangaza kinyume chake: ingeweka nyenzo za kozi zake zote wazi kwa dunia. Kozi 50 za majaribio zilitoka mwaka 2002, na kufikia mwaka 2007 zilikuwa zimefika takriban 1,800. Wengine walifuata kwa njia zao. Taasisi za teknolojia za India zilijenga NPTEL, mkusanyiko wa kozi za video, Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kikafungua OpenLearn mwaka 2006, na Chuo Kikuu cha Rice, kilichokuwa na mradi wa Connexions tangu 1999, kikazindua mwaka 2012 vitabu vya kiada vya OpenStax ambavyo sasa vinatumika katika vyuo vya nchi nyingi.

Chuo kisicho na fedha nyingi kianzie wapi?

Kianze na tasnifu zake. Ushauri huu huwashangaza viongozi wanaotamani studio ya video, lakini hesabu yake ni rahisi. Tasnifu zimekwisha kuandikwa, zimekwisha kusahihishwa na watahini, na hakuna chuo kingine duniani chenye nazo. Nyingi zinahusu mahali, magonjwa, udongo, lugha au historia ambazo hazijaandikwa kwingine. Mtu anayetafuta taarifa juu ya jambo mahususi la aina hiyo hana pengine pa kwenda, na kwa hiyo hata chuo kidogo hushika nafasi ya kwanza katika matokeo ya utafutaji bila kushindana na yeyote. Tasnifu iliyofungiwa kabatini haimfikii msomaji huyo hata kama ni bora kuliko zote.

Baada ya tasnifu zifuate makala za wahadhiri, kisha majarida ya chuo, kisha nyenzo za kufundishia. Katika nyenzo za kufundishia ni afadhali kozi tatu zilizokamilika, zenye mtaala, maelezo, mazoezi na majibu, kuliko kozi mia moja zenye muhtasari wa kurasa mbili kila moja. Msomaji anayefungua kozi tupu mara mbili harudi mara ya tatu.

Hazina ya kidijitali ni nini, na inaendeshwa kwa programu gani?

Ni mfumo unaohifadhi kazi za chuo, ukaiwekea kila kazi ukurasa wake, maelezo yake na anwani isiyobadilika. Tofauti yake na folda ya mafaili iliyo kwenye tovuti ni kwamba hazina inazungumza lugha inayoeleweka na mashine nyingine, ili kazi zilizomo zikusanywe na katalogi za nje bila mtu kuzinakili moja moja. Itifaki inayotumika kwa ukusanyaji huo, OAI-PMH, imekuwapo tangu 2001.

Programu zenyewe ni huria pia. EPrints ilitoka Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 2000, na DSpace ilitengenezwa na maktaba za MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, ikatolewa Novemba 2002. Kwa majarida kuna Open Journal Systems ya Public Knowledge Project. Hazilipiwi leseni, lakini hilo lisieleweke kuwa hazina gharama: zinahitaji seva, nakala rudufu zinazojaribiwa mara kwa mara, na mtu anayejua kuziboresha toleo jipya linapotoka. Hazina nyingi zilizokufa hazikufa kwa kukosa programu. Aliyezisimamia alihama na hakuna aliyerithi nywila. Chuo kisicho na mtu huyo kinaweza kuanza na huduma ya pamoja ya maktaba kadhaa, au kutumia Zenodo, inayoendeshwa tangu 2013 na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, ambayo hupokea kazi kutoka popote na kuzipa vitambulisho bila malipo.

Tuna hazina yenye maelfu ya kazi, mbona Google haituoni?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa uchungu zaidi, na kwa kawaida chanzo ni kimoja au viwili kati ya vifuatavyo.

Chanzo cha kwanza ni mafaili yasiyosomeka na mashine. Tasnifu ya zamani iliyopigwa skani bila kupitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi ni rundo la picha. Mtu ataisoma, injini ya utafutaji itaona ukurasa mtupu. Google Scholar, iliyoanza Novemba 2004, inahitaji maandishi yanayotafutika, kila kazi iwe na anwani yake, na faili lisizidi megabaiti 5. Skani za rangi zenye ubora wa kupindukia huvuka kipimo hicho haraka, wakati kurasa zilezile zikihifadhiwa kwa rangi nyeusi na nyeupe hubaki ndogo na zinasomeka vizuri tu.

Chanzo cha pili ni mlango uliofungwa bila mtu kukusudia. Baadhi ya vyuo humtaka msomaji ajisajili kabla ya kuona hata ikisiri, kwa hoja kwamba wanataka kujua nani anasoma. Roboti za injini za utafutaji hazijisajili, na wasomaji wengi pia hawajisajili. Wakati mwingine faili la robots.txt, lililowekwa kipindi mfumo ulipokuwa ukijaribiwa, limeachwa likizizuia roboti zote kwa miaka kadhaa. Kulikagua ni kazi ya dakika chache, na ni jambo la kwanza ninaloshauri lifanyike.

Chanzo cha tatu ni metadata dhaifu, yaani maelezo yanayoitambulisha kazi. Kichwa kilichoandikwa kwa herufi kubwa zote, jina la mwandishi lililoandikwa kwa namna tatu tofauti, mwaka wa kupakia ukiwa mahali pa mwaka wa kuchapishwa, jina la msimamizi wa tasnifu likiwa mahali pa mwandishi: makosa haya huonekana madogo kwa anayejaza fomu jioni akiwa amechoka, lakini mashine haina njia ya kuyasahihisha. Hapa ndipo mkutubi mwenye taaluma yake anapostahili mshahara kuliko mtaalamu yeyote wa matangazo ya mtandaoni.

Cha nne ni kikoa. Hazina iliyowekwa kwenye anwani ya kampuni ya nje, au kwenye namba za IP bila jina, humnufaisha mwenye anwani hiyo. Iwekwe chini ya kikoa cha chuo, na ukurasa wa mwanzo wa chuo uielekeze waziwazi.

Vitambulisho vya kudumu ni vya nini, na vina umuhimu gani kwa jina la chuo?

Anwani za mtandaoni hufa kwa wingi. Utafiti wa wanasheria wa Harvard uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba karibu nusu ya viungo vilivyotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havikumfikisha tena msomaji kwenye taarifa iliyokusudiwa. Ikiwa hali ni hiyo katika nyaraka zinazoandikwa kwa uangalifu wote, tovuti ya chuo inayobadilishwa sura kila anapoingia mkuu mpya ina hali gani? Ukarabati wa tovuti ni adui mkubwa wa uwepo mtandaoni. Kila mara anwani zinapobadilishwa bila kuwekewa maelekezo ya kudumu kutoka ya zamani kwenda mpya, viungo vyote ambavyo watu wa nje walikuwa wameviweka kwa miaka mingi hupotea kwa usiku mmoja, na imani ya injini za utafutaji hupotea navyo.

Kitambulisho cha kudumu hutenganisha jina la kazi na mahali ilipo. DOI, alama ya kudumu ya kazi inayotolewa kupitia mashirika ya Crossref au DataCite, hubaki ileile hata seva ikihamishwa. Kinachobadilishwa ni rekodi ya nyuma inayosema kazi iko wapi sasa. DSpace hutumia mfumo wa Handle kwa kazi hiyohiyo. Kwa watu kuna ORCID, namba ya tarakimu 16 iliyoanza kutolewa Oktoba 2012, inayomtofautisha mtafiti na wenzake wenye jina kama lake na kumfuata anapobadili jina au mwajiri. Kwa taasisi kuna ROR, iliyoanza mwaka 2019.

Hiki cha mwisho hudharauliwa, ilhali kinakigusa chuo moja kwa moja. Wahadhiri wa chuo kimoja huandika jina la taasisi yao kwa kifupi, kwa kirefu, kwa lugha mbili, au huandika jina la kitivo pekee, na kazi zao hutawanyika katika hifadhidata kana kwamba zimetoka vyuo vinne. Kabla ya kununua chochote, chuo kitoe waraka wa nusu ukurasa unaoeleza jina lake liandikwe vipi katika makala, na kimhimize kila mtafiti, wakiwemo wanafunzi wa uzamili na uzamivu, awe na ORCID.

Tuchague leseni ipi?

Leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza Desemba 2002 na kufikia toleo la 4.0 Novemba 2013, ndizo zinazotambulika zaidi. Ziko 6, na zote hudai mwandishi atajwe. Zinatofautiana katika mambo matatu: kama matumizi ya kibiashara yanaruhusiwa, kama mabadiliko yanaruhusiwa, na kama kazi iliyorekebishwa lazima itolewe kwa leseni ileile.

Kwa nyenzo za kufundishia pendekezo langu ni CC BY, inayodai kutajwa tu. CC BY-SA, inayodai pia kazi iliyorekebishwa itolewe kwa leseni ileile, nayo inafaa, na ndiyo inayokwenda vizuri na Wikipedia. Sharti la kutofanya biashara huvutia wengi kwa sababu hakuna anayependa kuona maelezo yake yakiuzwa, lakini mpaka wake haueleweki kirahisi: taasisi binafsi inayotoza ada, au duka la kunakili linalochapisha vitabu kwa wanafunzi wasio na intaneti, hujiuliza kama limo au halimo, na mara nyingi huacha kabisa. Sharti la kutobadilisha ndilo baya zaidi kwa somo, kwa maana linazuia hata kusambaza tafsiri. Linaweza kufaa kwa tamko la kisera au ripoti ambayo maneno yake hayapaswi kuguswa.

Chochote kitakachochaguliwa, kiandikwe ndani ya faili lenyewe na siyo kwenye ukurasa wa tovuti pekee, kwa sababu faili likishapakuliwa husafiri peke yake.

Makala iliyokwisha kuchapishwa na jarida la kulipia inaweza kuwekwa kwenye hazina yetu?

Mara nyingi ndiyo, ila si kwa umbo lolote. Majarida mengi humruhusu mwandishi kuweka muswada uliokubaliwa, yaani toleo lililopita kwa wahakiki lakini kabla mchapishaji hajalipanga kurasa, pengine baada ya kipindi cha zuio, yaani muda ambao kazi hairuhusiwi kuonekana hadharani. Hifadhidata ya Open Policy Finder, iliyojulikana zamani kama Sherpa Romeo, inaonyesha masharti ya majarida. Tatizo la kila siku ni kwamba mwandishi hakuutunza muswada huo, amebaki na PDF ya mchapishaji ambayo haruhusiwi kuiweka. Dawa ni kuomba muswada siku makala inapokubaliwa, wakati bado uko kwenye barua pepe.

Vyuo vingine vimelimaliza suala hili kwa sera. Februari 2008 Kitivo cha Sanaa na Sayansi cha Harvard kilipiga kura kwamba wahadhiri wake wanakipa chuo ruhusa ya awali ya kusambaza makala zao, na mhadhiri anayetaka kutofuata kwa makala fulani anaomba kwa maandishi aondolewe sharti hilo. Uzuri wa sera hiyo ni kwamba ilitoka kwa wahadhiri wenyewe. Wafadhili nao wanasukuma: taasisi za afya za Marekani, NIH, zilifanya uwekaji wazi kuwa lazima mwaka 2008 kwa kuruhusu ucheleweshaji wa miezi 12, na kuanzia 1 Julai 2025 ucheleweshaji huo umeondolewa. Katika Ulaya kuna Plan S, mpango wa wafadhili wanaotaka makala wanazozigharimia ziwe wazi, uliotangazwa Septemba 2018. Chuo chenye hazina inayofanya kazi huwarahisishia watafiti wake kutimiza masharti haya bila kulipia ada za majarida.

Wahadhiri wanaogopa kuibiwa kazi zao. Tuwaambieje?

Waambiwe kwamba kazi iliyo wazi, yenye tarehe na jina, ni ngumu kuibwa kuliko iliyofichwa, kwa kuwa programu za kukagua wizi wa kitaaluma huiona. Lakini nijuavyo mimi hofu hiyo mara nyingi hufunika nyingine mbili. Moja ni aibu ya kuonyesha maelezo ya darasani yaliyozeeka, au yenye picha zilizochukuliwa kwenye kitabu cha mtu mwingine bila ruhusa. Hiyo ina haki ya kuheshimiwa, na msaada wa kusafisha hakimiliki za picha unaiondoa. Nyingine ni kwamba kazi hii haihesabiwi wakati wa kupandishwa cheo. Mhadhiri anayeandika kitabu huria cha kiada akipata alama sifuri, na mwenzake mwenye makala moja akapata alama kamili, ni busara kwake kuacha kuandika kitabu. Chuo kisichobadili kanuni zake za upandishaji vyeo kitaendelea kuwategemea wachache wenye moyo, na wachache hao huchoka.

Kutoa kozi wazi hakutapunguza wanafunzi wanaolipa ada?

Hapana sababu ya kulitegemea hilo. Nyenzo hazitoi shahada, hazisahihishi kazi ya mwanafunzi, hazimpi maabara, msimamizi wala wenzake wa kujadiliana nao. Mwombaji anayeweza kuona kinachofundishwa huamua akiwa na taarifa, na hilo humfaa yeye na chuo pia.

Je, kuna wajibu wa kisheria kuhusu watu wenye ulemavu?

Katika nchi nyingi upo, na kisa cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kinafaa kusomwa na kila anayepanga kuweka video. Agosti 2016 Idara ya Haki ya Marekani, baada ya malalamiko ya wafanyakazi wawili viziwi wa chuo kingine, Gallaudet, ilieleza kwamba sehemu kubwa ya mihadhara ya bure ya chuo hicho haikuwafaa watu wenye ulemavu, ikiwemo kwa kukosa manukuu, yaani maandishi ya yanayosemwa kwenye video. Badala ya kuirekebisha yote, mwaka 2017 chuo kiliondoa machoni pa umma zaidi ya rekodi 20,000 za sauti na video. Waliopoteza walikuwa wote, viziwi na wasio viziwi. Mwaka 2022 chuo kilifikia makubaliano na serikali ya kuyafanya maudhui yake ya mtandaoni yafikike.

Kuweka manukuu siku ya kurekodi ni kazi ya kawaida. Kuyaweka kwenye video elfu ishirini baada ya miaka kumi ni balaa. Mwongozo wa kufuata ni WCAG, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023: manukuu kwa video, maelezo ya maandishi kwa picha, vichwa vya habari vilivyopangwa ili programu ya kusoma skrini iweze kuvifuata, na rangi zinazotofautiana vya kutosha. Yale yanayomsaidia kipofu humsaidia pia mwenye simu ndogo na mtandao wa polepole, na injini ya utafutaji, ambayo nayo haioni picha.

Orodha za kupanga vyuo kwa uwepo mtandaoni, kama Webometrics, zichukuliwe vipi?

Webometrics ilianzishwa mwaka 2004 na maabara ya baraza la utafiti la Hispania, CSIC, ikiwa na shabaha ya kuvihimiza vyuo viweke kazi zao wazi. Ndani ya shabaha hiyo ni kipimo kinachosaidia. Huharibika pale uongozi unapoanza kukifukuzia: kazi moja hugawanywa vipande kumi ili idadi iongezeke, viungo hununuliwa, maprofesa huandikiwa wasifu wasioujua. Nafasi ikipanda kwa njia hizo hushuka mbinu ya kupima inapobadilishwa, na mbinu hubadilishwa mara kwa mara.

Tutajuaje kwamba juhudi zinazaa matunda?

Takwimu za upakuaji zitazamwe kwa tahadhari, kwa kuwa sehemu kubwa ya wanaopakua ni roboti. Kanuni za COUNTER, za kuhesabu matumizi ya kazi za mtandaoni, zinaeleza jinsi ya kuzichuja. Hata baada ya kuchujwa, namba kubwa haisemi kazi ilitumika vipi. Nina imani zaidi na ushahidi wa aina nyingine: mtaala wa chuo kingine unaoitaja kozi yenu, tafsiri iliyofanywa na watu msiowajua, makala ya Wikipedia inayorejelea tasnifu yenu, barua pepe ya mtu anayeonyesha kosa katika zoezi la nne. Hiyo ya mwisho ina thamani ya pekee, kwani hakuna anayeripoti kosa katika kitu ambacho hakukifanyia kazi. Pawepo anwani ya kupokelea ripoti hizo, na awepo mtu wa kuzijibu.

Fedha zitoke wapi?

MIT ilianza kwa dola milioni 11 kutoka mifuko ya William and Flora Hewlett na Andrew W. Mellon. Ruzuku ya namna hiyo hufaa kuanzishia jambo, lakini hazina inayoishi kwa ruzuku pekee hufungwa ripoti ya mwisho ya mradi ikishawasilishwa. Mshahara wa mkutubi mmoja na wa fundi mmoja, pamoja na gharama ya seva, viwe ndani ya bajeti ya kawaida ya maktaba, katika kifungu kilekile kinacholipia vitabu.

Kuna vitu visivyopaswa kuwekwa wazi?

Vipo. Data za wagonjwa, rekodi za mahojiano ambazo wahojiwa hawakuridhia zitangazwe, mahali walipo viumbe wanaowindwa, na maarifa ambayo jamii fulani huyatoa kwa masharti yake yenyewe, hivi vyote vinahitaji mlango wenye mlinzi. Kanuni za FAIR za mwaka 2016 husema data zipatikane, zifikike, zioane na zitumike tena, lakini hazisemi kila data iwe wazi kwa kila mtu. Kanuni za CARE, zilizotolewa mwaka 2019 kutetea haki za watu wa asili juu ya data zao, zinasisitiza nani anaamua na nani ananufaika. Seti ya data iliyofungwa bado inaweza kuwa na ukurasa wa wazi unaoeleza ni data gani, nani anaitunza na namna ya kuomba ruhusa.

Tasnifu inayosubiri hataza inaweza kuwekewa kipindi cha zuio chenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Zuio lisilo na tarehe hugeuka kuwa la milele. Na ikilazimu kazi iliyokwisha kuwekwa wazi iondolewe, kwa amri ya mahakama au kwa kugundulika udanganyifu, kinachoondolewa ni faili. Ukurasa wake ubaki kwenye anwani ileile, ukiwa na kichwa, jina la mwandishi, tarehe ya kuondolewa na sababu yake kwa ufupi, ili aliyeinukuu zamani ajue kilichotokea.